Mpe Chai Aliyeileta Barua Hii

Garissa,
Agosti 21, 1996.

Kwa kaka yangu, Abboowe Guleid Kulow,
Takaba.

Assalamu alaykum warahmatullah.

Abboowe wangu mpendwa, kabla sijakuuliza hali yako nina ombi. Tafadhali mkaribishe mtu aliyekukabidhi barua hii. Mpe kiti kisichoyumba na chai ya maziwa yenye iliki, wala usimwulize jambo lolote mpaka ufike kwenye sahihi yangu. Ndivyo tulivyolelewa: mgeni hahojiwi kabla kikombe chake hakijaisha. Ombi la pili ni kwamba usiruke kurasa. Najua tangu utotoni wewe husoma mwisho kwanza ili usishtuke. Safari hii nakuomba ushtuke kwa mpangilio.

Haya, u hali gani? Duka linaendeleaje? Dereva wa lori aliyepita Takaba mwezi wa sita alituambia umenenepa kidogo na umefuga ndevu. Hooyo, kama mama yeyote, alifurahi kusikia umenenepa, akanyamaza kuhusu ndevu. Yeye hajambo. Muuguzi alimwagiza apunguze sukari, naye akaipunguza kwenye uji na kuirudisha yote kwenye chai. Mto umeshuka, vumbi limepanda, na mbuzi wetu wawili wameanza tena kula karatasi. Mimi nami sijambo, ila tumbo langu unalijua. Huuma kila nikiitwa na mkubwa. Bado ni karani katika ofisi ileile ya serikali, meza ileile karibu na mlango. Sijafukuzwa. Kila Ijumaa namshukuru Mungu kwa hilo, na kila Jumatatu naanza kuogopa upya.

Nakuandikia Kiswahili kama kawaida yetu, kwa sababu ndicho ulichonifundisha kuandika likizo zile ulizokuwa ukirudi kutoka chuo kikuu, mimi nikiwa msichana mdogo anayedhani chuo kikuu ni nyumba moja yenye mlango mkubwa sana.

Aabo naye hajambo, magoti tu. Unajua kuliko mimi jinsi baba yetu alivyokukasirikia. Tangu uliporudi na sanduku lako miaka kumi iliyopita, ukasema umeanguka mtihani, hajatamka jina lako. Ngamia jike aliyemwuza ili usome anamtaja kwa jina hadi leo, wewe hakutaji. Barua zako nazisoma chumbani kwa Hooyo, na Aabo huketi nje chini ya dirisha akisema anatafuta upepo. Nikisoma kwa sauti ya chini anakohoa. Nikipaza sauti kikohozi kinapona.

Sasa habari yenyewe. Mwezi uliopita Bwana D.O., mkubwa wa ofisi yetu, aliniita ofisini kwake. Nilikwenda nikijiuliza ni kosa gani nililofanya, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshapata matatu. Kumbe haikuwa hivyo. Alikuwa ameshika barua ya Wizara kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika nge kwa mkia. Akaniambia kuna mwanahistoria anakuja kutoka Nairobi, Daktari Wavinya Mbithi, mwalimu wa chuo kikuu, ana kibali cha kufanya utafiti wa migomo ya wanafunzi. Neno migomo alilisema polepole, akatazama dirisha. Akasema kwa kuwa mgeni ni mwanamke, nitamsindikiza mimi na kumtafsiria, na kila jioni nitaandika ripoti ya maswali aliyouliza na watu aliowauliza. Nilimwuliza kwa nini kanichagua mimi. Akanijibu kwamba mimi ni mtu wa kuaminika kwa sababu ninaogopa.

Daktari Wavinya aliteremka kwenye basi akiwa amevaa raba na kofia ya ukindu, na mkoba mzito kuliko yeye. Ni mfupi, anacheka kwa kishindo, na hutembea saa saba mchana kama mtu ambaye hajaambiwa kuna jua. Siku ya kwanza ilipotea bure, maana mtaani walisikia daktari amekuja, na tulipotoka kwa mara ya kwanza bibi Rukiyo alikuwa mlangoni na goti lake. Daktari alilipapasa goti kwa heshima, akasema yeye anatibu mambo ya zamani. Rukiyo akamjibu kwamba goti hili ni la zamani sana.

Tulipokuwa tunatembea aliniambia maisha yake, nami nikaona aibu kwamba jioni nitayaandika. Alijiunga na chuo kikuu kusoma shahada ya miaka mitatu, ikamchukua sita. Kila alipozoea kitanda, chuo kilifungwa, na wanafunzi wakarudishwa makwao kupiga ripoti kwa chifu. Alichunga mbuzi wa nyanya yake huko Mwingi akiwa na daftari la mihadhara mfukoni, akijiuliza ni kitu gani hiki kinachovunjika kila mara na kinavunjikaje. Akaamua kwamba kama chuo hakitamfundisha, yeye atakisoma chuo. Maprofesa walimcheka. Wenzake walikuwa wanaandika juu ya pembe za ndovu, na vita, na reli; yeye anaandika juu ya foleni ya bwalo la chakula. Mmoja alimwambia historia ni ya waliokufa, na wanafunzi kwa bahati mbaya bado wanaishi. Ameshafanya kazi hiyo miaka mingi, amepata udaktari, lakini cheo hakipandi. Anasema wanaokaa kwenye kamati ya kupandisha vyeo ni watu wa aina mbili, waliorusha mawe na waliorushiwa, na wote hawataki kukumbushwa.

Abboowe, ana masanduku ya vijikaratasi vya migomo na orodha za vyakula vya mabweni. Amegundua kwamba mgomo wowote, hata kama karatasi zinasema waziri ajiuzulu, ulianzia kwenye sahani. Anaandika kitabu kuhusu hayo yote, na sura moja imemshinda kuimaliza kwa sababu inakosa mtu. Ni habari ya siku ambayo askari walipanga mstari langoni, na mwanafunzi mmoja mwembamba akatoka kuwaendea akiwa na sufuria. Ameisikia kwa watu wengi. Wanamwita Mpishi, ingawa hakuwa mpishi. Jina lake hakuna anayelijua, ila wote wanasema alikuwa kijana wa Kaskazini Mashariki.

Nilisikia hayo nikaona ni hadithi nzuri. Sikufikiria lolote. Jioni niliandika: Leo mgeni aliuliza kuhusu chakula. Bwana D.O. alisoma, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu, akauliza ripoti hii inasema nini. Nikasema inasema kuhusu chakula, bwana.

Kosa lililofuata ni langu. Daktari aliniomba nieneze habari kwamba atakaa kwenye veranda ya hoteli ya Saynab, naye anamtafuta mtu yeyote aliyewahi kusoma chuo kikuu akaondolewa kwa sababu ya mgomo. Nilimwambia Saynab peke yake. Lakini unaujua mji wetu. Mgeni akija kutoka Nairobi, akakaa kitini, akatoa kalamu na kuuliza majina, ni kitu gani kingine anachoweza kuwa anafanya? Kufika swala ya alasiri, bulla zote, kila mtaa wa mji, zilijua kwamba kuna chakula cha msaada kinakuja na kwamba safari hii hakigawiwi wenye ukame. Safari hii wanapewa waliogoma.

Asubuhi tulikuta mstari unaozunguka hoteli. Watu walikuwa na magunia, makarai, na kadi za mgao za miaka iliyopita. Nilipanda juu ya kreti la soda nikaeleza kwa Kisomali kwamba huyu ni mwanahistoria, hana mahindi wala mafuta, anataka wanafunzi tu. Bibi mmoja, Fatumo, akaniambia, “Tumekuelewa vizuri, mwanangu. Mimi ni mwanafunzi. Andika.”

Daktari, badala ya kuwafukuza, alifurahi akafungua kalamu. Nami nikatafsiri, Mungu anisamehe. Fatumo alisema alichoma gari la mkuu wa chuo. Alipoulizwa sababu, akasema mkuu huyo hakuwa na adabu. Mzee Mowlid, ambaye hajawahi kuingia darasa lolote ila kumtafuta mbuzi wake aliyekimbilia humo, hakutaka kutafsiriwa. Alimkazia macho Daktari akasema mwenyewe, “Mimi nabiga bolisi mawe. Bolisi nakimbia.” Daktari akamwuliza ilikuwa chuo kikuu gani. Mowlid akajibu kilikuwa Modogashe. Daktari akasema hajasikia kwamba kuna chuo kikuu Modogashe. Mowlid akamwambia, kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni, kwamba kilihama. Ukame ulikuja, na chuo kikafuata mifugo.

Nilikuwa bado najifuta jasho nilipoinua kichwa, nikamwona anayefuata. Abboowe, alikuwa ni Aabo. Amesimama na fimbo yake na gunia lililokunjwa vizuri kwapani. Aliniita “karani”, kama mtu ambaye hajawahi kuniona, kisha akanikonyeza. Akasema, “Karani, mwambie mama huyo nilipiga askari wanne, na wa tano nikamwacha kwa sababu ya sala.” Nilitamani ardhi inifiche. Nilitafsiri nikitazama kreti la soda. Daktari akaandika, wanne na wa tano.

Daktari alikuwa na swali moja alilomwuliza kila mtu, na kwa swali hilo ndivyo alivyokuwa akiwatambua wanafunzi wa kweli. Aliuliza tu: chakula cha chuo kilikuwaje? Watu wetu, kwa kuwa walidhani kuna mgao, wote walikisifu ili usije ukakatizwa. Fatumo alisema kilikuwa kingi. Mowlid alisema kilikuwa na nyama. Aabo alisema hajawahi kula maharage matamu kama yale, na kama yapo mengine atashukuru.

Hapo ndipo sauti ilipolipuka nyuma ya mstari. “Matamu? Maharage yale?”

Ilikuwa ni Abdiwahab, mwenye duka la dawa karibu na soko la mifugo. Alikuwa amekuja kutazama tu. Alisukuma watu hadi mbele, akasema amevumilia kimya miaka kumi lakini hawezi kuvumilia mtu asimame mchana kweupe aseme maharage yale yalikuwa matamu. Yalikuwa na wadudu. Yalikuwa na mawe. Siku za Jumatano yalikuwa na harufu ambayo yeye, aliyesomea madawa, hadi leo hajaipatia jina. Daktari Wavinya aliweka kalamu chini akasimama. Aliniambia kwa sauti ya chini, “Yurub, huyu ni wa kweli.”

Abdiwahab aliketi akasimulia, na mstari wote ukavunjika na kuwa duara. Alisema asubuhi ile askari walikuwa wamesimama langoni tangu alfajiri na marungu na ngao. Ndani, wanafunzi walikuwa wanaimba, na wengine walikuwa wameshajaza mifuko mawe. Kila mtu aliona damu itamwagika. Ndipo mtu aliyekuwa akilala naye chumba kimoja akaishika sufuria ya maharage kwa masikio yake mawili, akamwambia Abdiwahab abebe upawa na sahani, wakatoka wawili kwenda langoni. Akamwambia mkubwa wa askari, “Afande, mmesimama tangu alfajiri na hamjala. Kwetu mtu mwenye njaa hatugombani naye. Kuleni kwanza, halafu mtupige.”

Mkubwa alitaka kukasirika, lakini askari wa mstari wa nyuma walikuwa wameshainua pua. Wa kwanza alionja akatema. Wa pili akauliza kama kweli ndicho wanachopewa kila siku. Wa tatu akamaliza sahani, akaomba nyingine, akasema kambini kwao hali ni mbaya zaidi. Kicheko kikaanzia kwa askari kikaingia ndani ya bwalo. Na wakati askari wanabishana juu ya nani ana jiko baya zaidi, wanafunzi mamia walitoka kwa lango la nyuma wakaenda zao, wala hakuna aliyeguswa. Aliyekamatwa ni mmoja tu, mwenye sufuria, kwa sababu hakutaka kuiacha chini na bado kulikuwa na watu hawajapata. Abdiwahab alikimbia na upawa. Anao hadi leo, anachotea sabuni ya unga dukani. Daktari aliuona baadaye akalia, akaomba auweke makumbusho, naye akakataa akasema sabuni ataipimia nini.

Mtu akauliza mwenye sufuria alikuwa nani.  Abdiwahab alinitazama mimi, kisha akamtazama Aabo. Akasema mtu huyo alimwapisha asiseme, kwa sababu alipofukuzwa aliogopa watu wa usalama watamsumbua baba yake, wamnyang'anye kipande chake cha kitambulisho, wamwite baba wa mchochezi. Aliona heri yeye aitwe aliyeanguka mtihani. Lakini leo kiapo kimemshinda. Akasema: “Ni Guleid. Guleid wa Kulow huyu.”

Abboowe, unajua watu wa Garissa hawanyamazi. Walinyamaza. Hata mashine ya kahawa ya Saynab ilinyamaza, ingawa nadhani ni umeme uliokatika.

Aabo alikaa juu ya kreti langu.  Kisha akamwuliza Abdiwahab kama askari walikula wote. Abdiwahab akasema karibu wote. Akauliza kama mkubwa wao ndiye aliyekaribishwa kwanza. Akaambiwa ndiyo, kwa sahani yake peke yake, na mikono miwili. Aabo akatikisa kichwa mara nyingi. Akasema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba watu walikuja mlangoni kwa mwanawe na marungu, na mwanawe akawalisha kwanza. Hakuna aliyemfundisha hilo chuoni. Akasema, “Hilo ni la nyumbani kwangu.”

Ndipo akanigeukia, na safari hii hakuniita karani. Akasema, “Yurub, mwambie afute wale askari wanne.” Daktari akafuta. “Na wa tano.” Akafuta. “Badala yake aandike kwamba mimi ndiye baba yake.” Daktari akaandika Kulow. Aabo akasema Kulow peke yake haitoshi, Kulow ni wengi, akaanza kutaja baba yake, na babu yake, na waliomzaa babu, na Daktari anaandika tu. Alipofika kwa babu wa saba, Mzee Mowlid akamkatiza kwamba ameruka mmoja. Wakagombana kwa nguvu, na Fatumo akamwunga mkono Mowlid, na Saynab akatoka jikoni akamwunga mkono Aabo, na kwa muda mrefu hakuna aliyekumbuka mgao. Daktari aliniambia kwamba katika kazi yake yote hajawahi kupata mwanafunzi mwenye kumbukumbu kamili namna hiyo.

Jioni niliandika ripoti: Mgeni aliuliza chakula kilikuwaje. Baadhi ya watu walisema kilikuwa kizuri. Mmoja alisema kilikuwa kibaya. Nikaipiga mhuri mara mbili, nikalala na tumbo langu.

Ukurasa huu unaofuata uuchome. Nimeuandika upande mmoja tu, ili usichome kitu kingine.

Asubuhi yake Bwana D.O. aliniita. Mji mzima ulikuwa unasimulia sufuria, naye hakuwa kiziwi. Alifunga mlango, kisha akafunga dirisha, nikajua kazi imekwisha. Aliniuliza kama huyo Guleid ni ndugu yangu. Abboowe, mimi ambaye nikiulizwa saa ngapi huwa naomba ruhusa ya kutazama, nilisikia mdomo wangu unasema, “Ni kaka yangu, bwana, baba mmoja mama mmoja, na kama ni kosa niandikieni mimi barua ya kufukuzwa, nitaipiga chapa mwenyewe.” Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nadhani nilikuwa nimesimama kwenye kreti la soda kwa muda mrefu mno.

Bwana D.O. hakukasirika. Alikaa, akaniuliza kwa sauti ndogo kama Daktari ana majina ya wale waliotoka kwa lango la nyuma. Nikasema nijuavyo hana. Akashusha pumzi. Akatazama ramani ya wilaya ukutani kwa muda, halafu akasema lango lile la nyuma lilikuwa na seng'enge, na hapo ndipo alipochana suruali yake ya pekee. Akanitazama haraka. Akasema, “Hukusikia hilo.” Nikasema sikusikia, bwana. “Ulisikia nini?” Nikasema nilisikia kuhusu chakula. Akasema niandike hivyo. Nilipokuwa natoka alisema nisikuandikie kwamba anakusalimu. Kwa hiyo sijaandika.

Ukurasa wa kuchoma umeishia hapa.

Abboowe, sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya nianze barua hii mara nne. Abdiwahab hajui uko wapi. Mjini hapa wanadhani ulivuka mpaka. Tunaojua ni sisi wa nyumbani tu. Daktari Wavinya aliniuliza mara moja. Nilikaa kimya, naye akafunga kalamu akasema hataniuliza tena; kukataa ni haki yangu, na hata kitabu chake kikibaki na sura yenye pengo, pengo nalo ni historia. Nilikwenda nyumbani nikiwa na haki hiyo na sikujua niiweke wapi. Hakuna mtu aliyewahi kunipa ruhusa ya kukataa. Nilifikiri kwamba kwa miaka kumi wewe ulichagua kimya kwa ajili yetu, na sina ruhusa ya kukivunja. Halafu nilimsikia Aabo uani akimwambia Hooyo habari ya sufuria, mara ya nne tangu adhuhuri, na kila akiisimulia anasema “mwanangu”, anafika kwenye jina, anakohoa, anaanza tena. Jina limekaa kwenye koo lake miaka yote hiyo na halijui kutoka. Anahitaji mtu wa kumwita.

Kwa hiyo kesho yake nilimwambia Daktari. Nilisema Takaba, duka lenye mlango wa kijani mkabala na msikiti. Kisha nikaingia nyuma ya ofisi nikatapika.

Mtu anayekunywa chai mbele yako ndiye Daktari Wavinya Mbithi. Usimtazame kwa ghafla. Usitoke kwa mlango wa nyuma; nimemwambia mlango huo upo, na ana raba. Hajui Kisomali ila kuomba chai, “shaah”, na kushukuru, “mahadsanid”, na yote mawili amejifunza kwa Saynab. Ameniahidi kwamba ukitaka kusema ataandika, ukikataa hataandika hata jina lako, na kwa vyovyote atamaliza kikombe aende. Kama umenikasirikia, nikasirikie mimi. Yeye mwongezee sukari.

Mambo mengine ni madogo. Aabo ana utulivu wa ajabu siku hizi. Juzi aliniuliza bei ya mbuzi Takaba, nami nikashangaa, maana hajanunua mbuzi tangu magoti yaanze. Hooyo anakusalimu na anasema ndevu si kitu, mradi unakula. Saynab anakusalimu ingawa hakujui. Mzee Mowlid anakusalimu kama mwanafunzi mwenzako. Wape salamu majirani zako wote, na Mungu akuweke katika ulinzi wake, wewe na duka na kila anayeingia mlangoni.

Ni mimi dada yako, mwoga kama ulivyoniacha, isipokuwa mara mbili,

Yurub Kulow.

Abboowe, nilisema usome mpaka sahihi, lakini barua nimelazimika kuifungua tena. Naandika haya nimeegemea ubavu wa lori, stendi, askari wa kulinda msafara wameshapanda gari lao na dereva anapiga honi. Nilikuja kumsindikiza Daktari, nikamkuta Aabo ameketi kiti cha mbele, amevaa kanzu ya Idi, fimbo kati ya magoti, na lile gunia mapajani. Safari hii limejaa, Hooyo ametia siagi na tende. Nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kuangalia bei ya mbuzi. Nilimwuliza Hooyo, akasema yeye hajaona mtu yeyote akitoka nyumbani.

Kwa hiyo sasa hivi, unaposoma hapa, yuko ndani ya lori sokoni kwenu. Amesema hatashuka. Anasema ni magoti. Lakini nimemsikia akimwuliza dereva kama watu wa Takaba bado wana desturi ya kumtolea msafiri chai, au siku hizi wameiacha. Dereva amesema hajui. Aabo akasema, haya, tutaona.

Daktari anaweza kujimiminia mwenyewe. Chukua kikombe kikubwa, Abboowe, ukivushe barabara kwa mikono miwili. Na usimwulize kitu mpaka amalize.